Kupaka, Kuchovya au Kuacha Wazi: Rangi za Asili chini ya Magari ya Kale

Mtu anayekarabati gari la kale huhangaika sana na rangi ya bodi, kwa kuwa bodi ndiyo inayoonekana barabarani. Akishuka chini ya gari, kwenye springi, ekseli, shokapu na mikono inayoshika magurudumu, hubakiwa na swali moja tu: nyeusi ipi? Anataka aambiwe kama anunue nyeusi inayong'aa kama kioo, nyeusi ya mng'ao wa kadiri, au nyeusi iliyofifia kama mkaa. Hoja yangu katika insha hii ni kwamba swali hilo limeanzia pabaya. Kwa sehemu za chini ya gari, cha kutafutwa kwanza ni kitenzi. Jina la rangi litafuata. Je, kipande hiki kilipakwa kwa brashi? Kilipulizwa? Kilichovywa kwenye pipa? Kilimwagiwa? Au kiliachwa wazi, kama kilivyotoka kwenye nyundo na moto? Kiswahili kina vitenzi hivi vyote, na hatukulazimika kukopa hata kimoja. Kila kimoja huacha alama yake juu ya chuma, na alama hiyo ndiyo inayotueleza kiwanda kilifanyaje kazi.

Ninaandika kama mwanafunzi wa Kiswahili na historia, si kama mhandisi. Hata hivyo nimekulia karibu na gereji ya mjomba wangu hapa Kampala, ambaye kazi yake ni kukunja upya springi za malori zilizolala. Nitamleta mbele baadaye, kwa sababu hakubaliani nami.

Tuanze na gari ambalo kila mtu anadhani anaijua rangi yake. Ford Model T ilianza kuuzwa Oktoba 1908, na hadi utengenezaji wake ulipokoma mwaka 1927 yalikuwa yametoka magari yapatayo milioni 15. Wengi huamini kwamba lilikuwa jeusi maisha yake yote. Sivyo. Miaka ya mwanzo lilitoka kwa rangi za kijani, nyekundu, kijivu na buluu. Nyeusi ilitawala peke yake kuanzia 1914 hadi 1925, kisha rangi nyingine zikarudi. Kwa hiyo anayepaka nyeusi kila kipande cha Model T ya mwaka 1909, eti kwa sababu Ford za zamani zote zilikuwa nyeusi, analipa gari hilo uamuzi ambao kiwanda kilikuwa bado hakijaufikia.

Magari ya kwanza yalirithi desturi za mafundi wa magari ya farasi. Rangi ilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, ikasuguliwa, ikapakwa vanishi, na kazi nzima ikachukua wiki kadhaa. Katika desturi hiyo ekseli na springi hazikuwa aibu ya kufichwa. Mara nyingi zilipewa rangi ya kupendeza sawa na ya magurudumu, na juu yake fundi akachora mistari myembamba kwa mkono. Atakayekuta mstari mwembamba wa rangi chini ya matope ya ekseli ya mwaka 1908 asidhani ni uchafu.

Desturi hiyo ilishindwa na saa. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, Ford walianza kuivuta chesisi mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kuizunguka. Kazi ya kuunganisha chesisi moja, iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12, ikashuka hadi dakika 93 mwaka uliofuata. Kiwanda kinachomaliza chesisi kwa dakika 93 hakiwezi kungoja vanishi ikauke kwa wiki. Ndipo ikaenea kila mahali ile rangi ambayo Wazungu waliita nyeusi ya Japani: lami ya asili iliyochimbwa ardhini, mafuta ya mbegu za kitani na kiyeyushi, vikaokwa katika tanuri hadi vikawa ganda gumu. Jina lenyewe lina historia ndefu. Tangu karne ya 17 mafundi wa Ulaya walikuwa wakiiga fanicha nyeusi zenye kung'aa zilizotoka Asia ya Mashariki, na wakaipa rangi yao jina la nchi waliyokuwa wakiiiga. Weusi uliokuwa chini ya gari la mkulima wa Iowa ulikuwa, kwa ukoo, mwigo wa kabati la kifahari.

Inasemwa mara nyingi kwamba Ford alichagua nyeusi kwa sababu hukauka haraka kuliko rangi nyingine. Hadithi hii ni tamu, na inarudiwa hata vitabuni, lakini hakuna ushahidi kwamba nyeusi ilikauka haraka kuliko vanishi nyingine za rangi nzito za wakati ule. Sababu zenye nguvu zaidi ni unafuu wa bei na uimara. Tena, nyeusi hiyo haikuwa moja. Katika maisha ya Model T zilitumika aina zaidi ya 30 za rangi nyeusi, kutegemea kipande chenyewe na jinsi kilivyopakwa na kukaushwa. Nyingine ilikuwa ya kuchovya, nyingine ya kumwagia, nyingine ya brashi. Mtu anayeuliza dukani "nyeusi halisi ya Ford" anauliza kitu ambacho hakijawahi kuwa kimoja.

Hapa ndipo kitenzi kinapofanya kazi. Model T ilikuwa na springi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikilala kukingama gari kutoka upande hadi upande juu ya ekseli. Chukua kipande chochote cha chuma, kichovye kwenye pipa la rangi, kitundike kwenye kulabu kidondoke, kisha kiingize tanurini. Utaona nini? Kwenye ncha ya chini patakuwa na tone lililoganda. Kingo za juu zitakuwa na rangi nyembamba, kwa sababu rangi hukimbia ukingo mkali. Kwenye mabonde rangi itakuwa nene. Na pale kulabu iliposhika patabaki doa lisilo na rangi. Hakuna bunduki ya kupuliza rangi itakayokupa alama hizo nne kwa pamoja. Mkarabati akisugua tone lile kwa msasa ili kipande kiwe laini na kipendeze, ameondoa sentensi nzima iliyosema: kitu hiki kilichovywa, tena kilitundikwa hivi, si vile.

Rangi za bodi zilibadilika tena haraka baada ya hapo. Kufikia 1924 General Motors walikuwa wanauza magari ya Oakland yenye rangi mpya ya Duco iliyotengenezwa na DuPont, iliyokauka upesi na kuruhusu rangi nyingi za kupendeza. Lakini chini ya gari mapinduzi hayo yalipita juu juu. Hata Model T ya 1926, iliyoruhusiwa tena kuvaa kijani na nyekundu, iliendelea kubaki nyeusi miguuni. Mwanahistoria anayesoma bodi peke yake ataona mabadiliko mwaka baada ya mwaka. Anayesoma springi ataona mwendo wa polepole, kama wa lugha ya nyumbani ikilinganishwa na lugha ya redioni.

Kuna swali ambalo wanafunzi wenzangu waliniuliza nilipowasomea rasimu ya insha hii: kama kutu ndiyo adui, kwa nini viwanda havikufunika springi kwa zinki, kama mabati ya nyumba? Jibu lake linapendeza, kwa sababu linaonyesha kwamba mwonekano wa asili haukuwa mapambo tu. Ili chuma kishike zinki au kadimi, husafishwa kwanza kwa asidi, na mara nyingi hupitishiwa umeme kikiwa kwenye maji ya dawa. Katika hatua hizo hidrojeni hupenya ndani ya chuma. Chuma laini hustahimili. Chuma kigumu cha springi huwa chepesi kuvunjika, na kinaweza kukatika ghafla kikiwa na mzigo, hata kama kwa macho kinaonekana kizuri. Chesisi ni habari nyingine: Land Rover za majaribio za mwaka 1948, zilizokuwa 48, zilipewa chesisi zilizofunikwa zinki. Ukiona gari la kale la maonyesho lenye springi zinazometameta kama fedha, usivutiwe tu. Uliza nani alizifunika, na kama alijua alichokuwa akifanya.

Pia mabamba ya springi husuguana. Springi nyingi zilipakwa zikiwa zimekwisha kufungwa pamoja, kwa hiyo rangi ilikaa nje na kwenye kingo, na kati ya bamba na bamba kukabaki chuma kitupu chenye grisi. Anayezifungua zote na kupaka kila bamba pande zote mbili anatengeneza kitu kizuri ambacho hakikuwapo. Na kuna hatari ya kweli katika uzuri huo. Pale springi inapokaa juu ya ekseli hubanwa na bolti zenye umbo la U. Pakiwa na tabaka nene la rangi, rangi hiyo husagika na kukonda kadiri gari linavyokwenda, bolti zinalegea, na ekseli inaanza kutembea. Mjomba wangu hajasoma kitabu chochote cha historia ya rangi, lakini sehemu hiyo haipaki kamwe.

Tukisogea hadi miaka ya 1960, kampuni hiyohiyo ya Ford inatuonyesha picha nyingine kabisa. Mustang ilianza kuuzwa tarehe 17 Aprili 1964, na ikaunganishwa katika miji mitatu: Dearborn, San Jose na Metuchen. Ukilala chini ya Mustang ambayo haijawahi kuguswa huoni bahari ya nyeusi. Kishikio cha gurudumu la mbele, kilichofuliwa kwa nyundo kubwa, kiliachwa wazi, na kina rangi ya kijivu yenye kuelekea buluu, iliyotokana na moto wenyewe. Mkono wa juu wa gurudumu uliochovywa kwenye rangi nyeusi haukuzamishwa wote, kwa hiyo kuna mstari pale rangi ilipokomea. Sakafu ya gari kwa chini ilipulizwa prima, na katika miaka hiyo kiwanda hakikuona haya kuchanganya mabaki ya rangi mbalimbali kwa ajili ya mahali pasipoonekana. Matokeo yake ni kwamba rangi ya chini ilitofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, hata kati ya siku na siku. Ni kama Kimvita na Kiunguja: anayetaka kujua kipi ndicho Kiswahili cha kweli ameuliza vibaya. Aulize kwanza gari limezaliwa wapi.

Juu ya hayo kulikuwa na alama. Springi zilipigwa mistari ya rangi ili mfanyakazi ajue, bila kusoma namba, ni springi ya nguvu gani inayokwenda kwenye gari gani. Bolti iliyokwisha kukazwa iliguswa kwa brashi yenye rangi, kuonyesha kwamba mkaguzi ameipitia. Kwangu mimi alama hizi ndizo sehemu yenye utajiri kuliko zote, kwa sababu ndizo pekee zilizowekwa ili zisomwe. Zilikuwa maandishi ya watu waliokuwa na haraka, wakiandikiana wao kwa wao. Lakini angalia zinavyoigwa leo. Mkarabati hubandika utepe pande mbili, akapaka mstari ulionyooka kama wa rula, na akaweka doa la duara kamili juu ya kila nati. Mfanyakazi wa mwaka 1965 aliyekuwa na sekunde chache kabla gari lijalo halijafika hakuwa na utepe. Mstari wake ulipinda, ulichuruzika, na wakati mwingine ulikosa springi ukaangukia ekseli.

Baadhi ya vyama vya wapenzi wa magari vimelitambua jambo hili. Chama cha wakarabati wa Corvette cha Marekani, NCRS, kilichoanzishwa mwaka 1974, hukagua gari kwa kipimo cha jinsi lilivyokuwa likitoka kiwandani, na gari hupunguziwa alama likiwa bora kuliko kiwanda kilivyoweza. Naunga mkono msimamo huo, ingawa una kasoro moja nitakayoieleza.

Katika miaka hiyohiyo ya 1960 kitenzi kipya kilizaliwa. Ford walianza kuzamisha vyuma kwenye pipa lenye rangi iliyochanganywa na maji na kupitisha umeme, ili rangi ivutwe na chuma chenyewe hadi kwenye pembe ambazo brashi haifiki. Rangi hiyo ni nyembamba na sawasawa, haina tone. Kisha ikaenea rangi ya unga, inayopuliziwa ikiwa kavu na kuyeyushwa tanurini. Rangi ya unga ndiyo inayopendwa na gereji nyingi za leo kwa kuwa ni ngumu na haina machozi. Ila ni nene. Hujaza alama za nyundo, hufunika namba zilizopigwa kwenye chuma, na huipa springi ya mwaka 1914 ngozi ya plastiki. Kwa gari la kutembelea kila siku silaumu mtu. Kwa gari linaloitwa la asili, ni sawa na kupiga chapa upya barua ya zamani kwenye kompyuta na kuichoma ile iliyoandikwa kwa mkono.

Basi mtu atajuaje kipande chake kilipakwaje? Njia ni zilezile tunazofundishwa darasani kuhusu vyanzo vya historia, na kila chanzo kina udhaifu wake. Vitabu vya maelekezo ya kiwanda vinasema kilichokusudiwa, si kilichofanyika Ijumaa jioni. Picha za zamani za viwanda ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hazitaji rangi, lakini zinataja mng'ao: kitu kinachong'aa huakisi taa za dari hata kwenye picha mbovu. Masimulizi ya wafanyakazi wastaafu yana thamani, ila mtu hukumbuka zaidi jambo lililokuwa la ajabu kuliko lile alilolifanya mara mia kwa siku. Chanzo bora ni kipande chenyewe, hasa mahali palipofichwa na jua, mawe na mikono: chini ya bamba la kubana, nyuma ya bushi ya mpira, ndani ya mkunjo wa chuma.

Kuna mtego mmoja ambao umewanasa watu makini. Mtu anapata springi au mkono wa gurudumu ambao haujatumika, ungali kwenye boksi la kampuni, naye anaamini amepata shahidi mkamilifu. Lakini kipuri kilichokusudiwa kukaa rafuni kwa miaka mara nyingi kilipakwa rangi ili kisipate kutu ghalani, wakati ndugu yake aliyekwenda moja kwa moja kwenye gari aliachwa wazi. Boksi ni la kweli, namba ni ya kweli, na bado ushahidi unapotosha.

Chuma kilichoachwa wazi kina tatizo lake. Kikiachwa wazi leo Mombasa au Dar es Salaam, chumvi ya bahari itakimaliza mapema. Wengine hupuliza rangi ya fedha kuigiza chuma, na matokeo huonekana kama sufuria mpya. Afadhali kusafisha kwa brashi ya waya laini, kupaka mafuta au nta, na kurudia mara kwa mara. Ni kazi ya kuchosha, lakini haifichi kitu, na anayekuja baadaye anaweza kuifuta kwa kitambaa. Na kwa anayekwangua rangi za zamani: nyingi zina risasi. Tumia msasa wa maji, usikwangue kavu, na watoto wasicheze karibu.

Sasa niirudie ile kasoro. Kipimo cha siku ya kutoka kiwandani kinachukulia kwamba gari lina siku moja tu ya kweli. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara zilizovunja springi bila huruma. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z, kisha akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Gari la mashindano kama hayo hubadilishwa springi na shokapu kabla ya mbio, na hata katikati ya mbio. Ukilirudishia rangi zile za duka la Tokyo unakuwa umelifutia jambo lililolifanya likumbukwe.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lilikabili suala hili katika Hati ya Torino iliyoanza kutumika mwaka 2013. Hati hiyo ilifuata mfano wa Hati ya Venice ya 1964 kuhusu majengo. Inatofautisha kuhifadhi na kukarabati, inayapa uzito mabadiliko ambayo gari lilipata katika maisha yake ya kazi, na inataka vipande vipya viwekewe alama ya kudumu isiyopiga kelele, ili visichanganywe na vya zamani. Mfano ninaoupenda ni wa Januari 2018, kampuni ya Land Rover ilipotangaza kwamba inalitengeneza upya mojawapo ya magari matatu yaliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Walisema watalifanya litembee tena, lakini ile rangi ya kijani hafifu iliyopakwa 1948 itahifadhiwa pamoja na uchakavu wake. Kampuni yenyewe ilikuwa na uwezo wa kulifanya liwe jipya kabisa. Ilichagua kutofanya hivyo.

Na sasa mjomba. Mwaka jana mtu mmoja alimletea Land Rover ya mwaka 1966, ambayo kabla yake ilikuwa imetumikia parokia moja magharibi mwa Uganda. Ina springi za mabamba kwenye magurudumu yote manne. Mwenyewe alitaka kuipeleka kwenye maonyesho, na agizo lake lilikuwa fupi: chini kote kupulizwe nyeusi, ing'ae. Nilimwomba mjomba anipe siku mbili kabla ya kuwasha kompresa. Alinitazama kama anayetazama mtoto aliyeomba kulala na mbuzi.

"Mpwa wangu," aliniambia, "rangi kazi yake ni kuzuia kutu. Hiyo historia yako itazuia nini?"

Nilimjibu kwamba nataka kuosha tu. Tuliosha kwa mafuta ya taa na brashi, nikapiga picha kila hatua. Springi tatu zilikuwa na nyeusi nyembamba kwenye kingo, imechakaa, na ndani kati ya mabamba hakuna rangi. Ya nne, ya nyuma kulia, ilikuwa na bamba la ziada, refu kidogo kuliko ilivyopaswa, lililokatwa kutoka springi ya gari jingine. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa brashi na rangi ya mafuta ya buluu tarakimu 3, labda kujikumbusha mpangilio. Mjomba alikuwa wa kwanza kuelewa. Akapitisha kidole kwenye ncha ya bamba, akasema aliyelikata hakuwa na mashine, alitumia patasi na nyundo, na alijua kazi, kwa sababu alizungusha pembe zisikate bamba la chini yake. Gari lilikuwa limebeba mizigo mizito upande ule kwa muda mrefu.

Tulibishana, lakini sasa kwa usawa zaidi. Yeye alisema bamba lile si la gari hili, na jaji wa maonyesho atalikataa. Mimi nilisema ndilo bamba pekee chini ya gari lenye mwandiko wa mtu. Mwenye gari alipokuja alitusikiliza wote wawili akiwa amesimama, hakupenda kukaa. Alichoogopa ni fedha: gari lenye sehemu ya chini inayong'aa huuzwa haraka kwa watu wasiojua, na wanaojua ni wachache. Sikuwa na jibu la fedha la kumpa. Nilimwonyesha picha.

Mwishowe springi tatu zilipakwa kwa brashi, nyeusi ya mng'ao wa kadiri, kingoni tu, tabaka moja. Pale zinapokaa juu ya ekseli hapakupakwa. Ile ya nne ilisafishwa, ikapakwa mafuta, ikaachwa na bamba lake na tarakimu yake. Picha zilichapwa zikawekwa kwenye bahasha ndani ya gari. Mwenye gari alilipa, kisha akauliza kama ile buluu inaweza kufutwa siku nyingine akibadili mawazo. Mjomba akamwambia inaweza, kwa msasa na dakika kumi.